Indiketa Inapopepesa Mbio

Dalili ya mvua ni mawingu. Mkulima aonapo wingu jeusi halilaumu wingu. Huanua mahindi yake uani akayaingiza ndani. Lakini mwenye gari aonapo indiketa yake ikipepesa mbio kuliko desturi, mara nyingi huikasirikia dalili yenyewe. Hutafuta fundi wa kuituliza, wala haulizi ilitaka kumwambia nini. Kosa hili limeenea tangu taa za LED zilipojaa katika maduka ya vipuri, zikaanza kutiwa katika magari makuukuu ambayo hayakuundwa kwa ajili yake.

Kisa cha mzee wa Buyenzi

Buyenzi, katika mji wa Bujumbura nchini Burundi, ni mtaa wa Waswahili na wa mafundi. Huko aliishi mzee mmoja mwenye Toyota Hilux ya mwaka 1989, gari lililowasomesha watoto wake. Kila alfajiri alipanda nalo barabara ya mlimani hadi Bugarama kununua kabichi, viazi na karoti, na mkewe akaviuza mjini. Safari yenyewe si ndefu, haifiki kilomita 40; lakini gari huanzia karibu na ukingo wa Ziwa Tanganyika na kupanda hadi zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Barabara ni ya kona tupu, na ukungu hushuka ghafla. Zaidi ya hayo, ni barabara ya wapanda baiskeli mashuhuri, wale ambao hushuka mbio na mikungu ya ndizi, na wakati wa kupanda hujishikiza nyuma ya malori ili wavutwe.

Jioni moja mkewe alimwambia, "Baba watoto, leo nimerudi na gari la jirani, tukawa nyuma yako njia nzima. Ulipokata kona sikuiona indiketa yako vizuri. Ina mwanga wa kibatari."

Mzee alilitia neno hilo moyoni. Kesho yake alinunua taa za LED, za rangi ya chungwa kwa indiketa na ndogo kwa ajili ya taa za alama, yaani zile zinazoonyesha upana na urefu wa gari usiku. Akazitia mwenyewe. Mwanga ulikuwa mkali wa kupendeza, lakini indiketa zikaanza kupepesa mbio kama jicho lililoingiwa na vumbi, na taa moja ya alama haikuwaka kabisa.

Kijana mmoja fundi alimpokea kwa furaha. "Mzee, hii ni kazi ya nusu saa," akasema. Alifunga rezista nne, moja kwa kila indiketa ya mbele na ya nyuma. Mpepeso ukatulia, mzee akalipa, akaenda zake.

Miezi miwili baadaye, akipanda mlima, mzee alitaka kukata kushoto aingie penye vibanda vya mboga. Akawasha indiketa, akaisikia ikilia taratibu kama ilivyo desturi, na kitaa cha dashibodi kikapepesa sawasawa. Alipoanza kukunja usukani, lori lililokuwa nyuma lilikuwa limekwisha kutoka upande wa kushoto kumpita, maana nchini Burundi magari hupita upande wa kulia wa barabara. Breki zililia. Lori lilisimama shubiri chache tu kutoka mlangoni mwake, na vijana wawili wa baiskeli waliokuwa wamejishikiza nyuma yake wakaangukia mtaroni. Kwa rehema za Mungu walichubuka tu.

"Mzee, unakata kona bila kuonyesha?" dereva wa lori alifoka. "Ungeniulia watoto wa watu!"

"Nimeonyesha, ndugu yangu! Sikiliza, bado inalia."

Wakazunguka wote wawili kutazama. Taa ya mbele ilikuwa ikipepesa vizuri. Ya nyuma ilikuwa giza.

Jinsi flasha inavyofanya kazi

Ili kufahamu kilichompata mzee huyu, yafaa kukijua kidude kidogo ambacho mafundi hukiita flasha. Hicho ndicho kinachokata na kuunganisha umeme wa indiketa, na ndicho kinachotoa ile sauti ya ta-ta-ta anayoisikia dereva.

Flasha za kale zilikuwa na kipande cha madini mawili yaliyounganishwa. Umeme ukipita, kipande hupata joto, hupinda na kukata njia. Kikipoa hunyooka, njia ikaunganika tena. Kwa hiyo flasha ya namna hii hutegemea umeme mwingi upite ndani yake. Flasha za baadaye zina vifaa vya elektroniki vinavyopima kiasi cha umeme unaokwenda katika taa. Kiasi hicho kikipungua, flasha hufahamu kwamba balbu moja imeungua, na kwa makusudi huongeza mwendo ili dereva aonywe. Mpepeso wa mbio, basi, si ubovu wa flasha. Ndiyo kazi yake.

Hesabu yake si ngumu. Katika gari la volti 12, indiketa za upande mmoja huwa na balbu mbili za wati 21, na pengine moja ya wati 5 ubavuni. Jumla ni wati 47, yaani karibu ampea 4. Balbu moja kubwa ikiungua, umeme hushuka hadi ampea 2 na kidogo, na flasha hupiga kelele. Taa ya LED haina uzi wa kuchomwa moto. Nyingi za kazi hii hutumia wati chache tu. Zikitiwa upande mzima, umeme unaopita unaweza usifike hata ampea moja. Flasha ya elektroniki huhesabu kwamba balbu zimekufa, na flasha ya joto pengine haipepesi kabisa, taa ikabaki imewaka tu.

Teknolojia hii yenyewe si ngeni kama wengi wanavyodhani. Nick Holonyak wa Marekani alionyesha LED ya mwanga mwekundu mwaka 1962. Nyeupe ndizo zilizochelewa, kwa kuwa zilihitaji kwanza LED ya buluu yenye nguvu. Wataalamu watatu walioipata, Akasaki, Amano na Nakamura, walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014. Kilicho kigeni ni kuitia taa hiyo katika gari ambalo flasha yake, holda zake na nyaya zake vilipangiwa balbu ya uzi.

Kuchunguza kabla ya kutibu

Mwenye gari anayepatwa na mambo kama ya mzee huyu na afuate utaratibu, asirukie dawa.

Jambo la kwanza ni kuzirudisha balbu za zamani zote, kisha kuwasha indiketa. Zikipepesa sawasawa, shida imeletwa na LED. Zikipepesa mbio hata kwa balbu za zamani, gari lilikuwa na ugonjwa wake tangu awali, na LED hazitauponya. Kipimo cha mpepeso ulio sawa kinajulikana: kanuni za kimataifa hutaka uwe kati ya mara 60 na 120 kwa dakika. Mtu akitazama saa kwa sekunde 15, na ahesabu kati ya mara 15 na 30.

Jambo la pili ni kuhakikisha kwamba kilichonunuliwa kinalingana na gari. Malori mengi yana umeme wa volti 24, na baadhi ya Land Cruiser za dizeli zilizotengenezwa kwa soko la Japani ni hivyo hivyo. Taa ya volti 12 ikitiwa humo haidumu. Rangi nayo ina sheria yake: LED ya indiketa iwe ya rangi ya chungwa hata kama kioo cha taa ni cha rangi hiyo, kwa sababu nyeupe nyuma ya kioo cha chungwa huelekea kupauka. Taa nyekundu zisielekezwe mbele ya gari, wala nyeupe zisiwekwe mahali pa taa nyekundu za nyuma, maana kwa rangi hizo ndiyo anayekuja gizani hujua kama gari linamjia au linamtangulia.

Jambo la tatu ni taa isiyowaka kabisa. LED hupitisha umeme upande mmoja tu. Zile ndogo zisizo na kichwa cha chuma, ambazo huchomekwa tu, zaweza kuwa zimechomekwa kinyume. Zichomolewe, zigeuzwe, zirudishwe. Hilo ndilo lililokuwa kosa la taa ya alama ya yule mzee. Zenye kichwa cha chuma na vipini viwili haziwezi kugeuzwa, kwa hiyo zisipowaka, kosa litafutwe kwingine. Angalizo moja ni kwa wenye magari ya Uingereza ya kabla ya mwisho wa miaka ya 1960: baadhi yake yalifungwa betri kwa kuunganisha chanya na bodi badala ya hasi, na LED za kawaida hazitawaka humo.

Jambo la nne ndilo lenye siri nyingi kuliko yote, nalo ni erthi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia bodi ya gari. Katika gari la miaka thelathini na zaidi, kutu hula skrubu na vibati vya taa za nyuma, na mvua humaliza kazi. Umeme usiopata njia yake hutafuta ya jirani. Ndipo mtu anapowasha indiketa akaona taa nyekundu ya nyuma nayo inapepesa, au anapokanyaga breki taa za alama zikafifia. Kipimo ni rahisi: achukue waya mrefu, aunganishe ncha moja na hasi ya betri, na ncha nyingine aigusishe kwenye chuma cha holda ya taa. Taa ikichangamka, ugonjwa umeonekana. Dawa ni kufungua skrubu ya erthi, kusugua kwa msasa hadi chuma king'ae, kuikaza tena na kuipaka grisi.

Jambo la tano huwapata wenye balbu za nyuzi mbili, ambazo uzi mmoja ni wa taa ya alama na wa pili ni wa indiketa au breki. Vipini vyake haviko sawa, kimoja kiko juu ya kingine, ili visiingie isivyotakiwa. LED yenye kichwa cha nyuzi moja isilazimishwe humo. Katika LED za bei ndogo, mwanga wa alama na mwanga wa indiketa hukaribiana mno, hata indiketa ikiwaka usiku haionekani. Hizo ni za kurudishwa dukani.

Katika magari mengi ya Kimarekani ya miaka ya 1970 na 1980, taa ya alama ya ubavuni haina erthi yake yenyewe. Hurudisha umeme kupitia uzi wa balbu ya indiketa. Uzi huo ukiondolewa na kutiwa LED, taa ya alama huenda ikakosa njia. Mwenye gari la namna hiyo na aivutie taa hiyo waya wake wa erthi.

Jambo la sita hushangaza wengi: dereva anawasha kushoto, na taa zote nne zinapepesa. Sababu huwa ni dashibodi yenye kitaa kimoja tu kwa pande zote mbili. Kitaa hicho hupata umeme upande mmoja na kuurudisha kupitia balbu za upande wa pili. Umeme huo ni mdogo mno kuwasha balbu ya uzi, lakini LED huwaka kwa umeme mdogo kama huo. Fundi hutibu kwa diodi mbili, moja kutoka kila upande kwenda kwenye kitaa, na upande wa pili wa kitaa akauunganisha na erthi.

Rezista au flasha mpya?

Ikiwa yote hayo yamechunguzwa na mpepeso bado ni wa mbio, zipo dawa mbili.

Rezista hufungwa sambamba na LED ili itumie umeme ambao balbu ya zamani ingetumia. Zinazouzwa sana ni za omu 6 na wati 50. Kwa volti 12 rezista hiyo hupitisha ampea 2, na injini ikinguruma joto lake hupita wati 30. Hapo ndipo penye hatari. Ifungwe juu ya chuma, mbali na plastiki, mpira na nyaya nyingine, wala isizungushiwe utepe ikaachwa ikining'inia nyuma ya taa. Gari likiharibika usiku na indiketa zote zikaachwa zikipepesa kwa muda mrefu, rezista inaweza kuyeyusha kioo cha taa. Tena, anayefunga rezista hajapunguza matumizi ya umeme. Alichookoa kwa LED amekirudisha kwa njia ya joto.

Dawa ya pili ni kuiondoa flasha ya zamani na kuweka ya elektroniki iliyotengenezwa kwa LED, ambayo hupepesa kwa mwendo mmoja bila kujali kiasi cha umeme. Nyingi zina miguu mitatu: B ya umeme unaoingia, L ya kwenda kwenye taa, na E ya erthi. Mpangilio wa miguu hutofautiana, kwa hiyo herufi zisomwe kabla ya kuchomeka. Flasha ya kale yenye miguu miwili haina waya wa erthi, na itabidi uongezwe. Hii ni dawa safi kuliko ya kwanza, haina joto na haihitaji kukata nyaya za taa.

Kabla ya kazi yoyote, waya wa hasi uondolewe kwenye betri. Fyuzi ikikatika, irudishwe ya ampea zile zile, na sababu itafutwe. Anayefunga kipande cha waya badala ya fyuzi ameagiza moto.

Sasa lisemwe lile ambalo mara nyingi halisemwi dukani. Dawa zote mbili hulifanya gari lisiweze tena kumwonya dereva. Rezista hula umeme wake hata LED ikiwa imekufa, na flasha nyingi za LED hazipimi chochote. Taa ya nyuma inaweza kuzimika leo, na dashibodi ikaendelea kupepesa kwa utulivu mwaka mzima.

Siku ile mzee alipoteremka, hakurudi kwa yule kijana. Alikwenda kwa fundi mwenye umri kama wake, ambaye alifungua taa ya nyuma ya kushoto na kumwonyesha skrubu ya erthi iliyoliwa ikabaki unga mwekundu. Rezista ilikuwa na erthi yake mahali pengine, kwa hiyo iliendelea kufanya kazi peke yake.

"Mwenzangu," fundi alimwuliza, "ulipofungiwa hizi, uliambiwa kwamba gari halitakujulisha tena taa ikifa?"

"Sikuambiwa."

"Na kutu hii si ya miezi miwili. Hata ule mwanga wa kibatari aliouona mama watoto, wewe ukadhani ni balbu zimechoka, ulitoka hapa."

Fundi alisugua erthi za taa zote nne, akaondoa rezista, akaweka flasha mpya. Kisha, kwa ajili ya kumfundisha rafiki yake, alichomeka kwa muda balbu moja ya zamani katika taa ile ya nyuma. Iling'aa vizuri kabisa.

Mzee alibaki na LED zake, kwa kuwa si mbaya. Zimeng'aa, hazichoshi betri, na mtikisiko wa barabara hauzikati kama unavyoukata uzi. Lakini desturi ya nyumba ilibadilika. Kila alfajiri kabla ya safari, mkewe au mmoja wa watoto husimama nyuma ya gari, kisha mbele yake, na kutaja kwa sauti: kushoto, kulia, breki, alama. Kazi hiyo haichukui hata dakika mbili, nayo haihitaji cheti cha ufundi.

Kila nyumba yenye gari lililobadilishwa taa na iige desturi hiyo. Gari likiisha kunyimwa uwezo wa kujisemea, wenye gari ndio wapasao kulitazama kwa macho yao, kwa maana aliye nyuma barabarani hana la kumwongoza ila taa ile.